Kagua Zana Kabla ya Kuanza Kazi

Huku Mbebe na sehemu nyingine za Wilaya ya Ileje mvua kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba. Zikianza, kila mtu anakimbilia shamba. Jembe linatolewa uvunguni, shoka linatolewa nyuma ya mlango, bomba la dawa linatolewa ghalani. Zana hizo zimekaa miezi mingi. Mpini umeliwa na mchwa, chuma kimeshika kutu, mpira umekauka. Lakini kwa kuwa tuna haraka, tunazibeba hivyo hivyo. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Mara nyingi zana huonyesha dalili kabla ya kuvunjika. Inacheza, inavuja, au inapiga kelele isiyo ya kawaida. Kukagua ni kuzitafuta dalili hizo mapema. Kazi hiyo inachukua dakika chache tu. Mguu uliokatwa na shoka unaweza kukulaza wiki nyingi, na palizi haimsubiri mgonjwa. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

JEMBE NA SHOKA

Tazama mpini wote, toka juu hadi chini. Je, una ufa? Una matundu ya mchwa? Mpini wenye ufa usiufunge kwa waya au mpira. Weka mpya.

Kisha tikisa chuma, ukikwepa makali. Kama kinacheza, usianze kazi. Kaza kwa kabari ya mti mgumu, halafu tikisa tena.

Wengine hulowesha shoka majini usiku kucha. Ni kweli, mti ukinywa maji huvimba na chuma hukaza. Lakini jua likiwaka mti hukauka na kusinyaa. Chuma hulegea tena, pengine wakati shoka liko juu ya kichwa chako na mtoto amesimama nyuma yako. Kulowesha si kutengeneza.

BOMBA LA DAWA

Bomba la mgongoni la lita 15 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 15. Mkanda ukikatika, bomba linaanguka na dawa inakumwagikia. Basi fanya hivi kabla ya kutia dawa:

1. Vuta mikanda kwa nguvu. Iliyochakaa ibadilishwe.
2. Tia maji matupu, funga mfuniko, kisha piga pampu.
3. Pitisha macho kwenye mfuniko, mpira na maungio yote. Je, kuna tone linalotoka?
4. Tazama kitundu cha kutolea dawa. Kikiwa kimeziba, kisafishe kwa maji na unyasi laini. Usikipulize kwa mdomo hata siku moja.

Wako watakaosema, "Kuvuja kidogo si neno." Si kweli. Sumu haiingii kwa mdomo tu. Inapita kwenye ngozi pia. Shati likilowa dawa mgongoni, nawe ukaendelea na kazi hadi jioni, sumu inaingia mwilini muda wote huo. Mtu akiumwa kichwa, akatapika au kutokwa na mate mengi, mwondoe shambani. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, umpeleke zahanati upesi. Chukua na chupa ya dawa, ili mganga asome ni dawa gani.

MASHINE YA KUSAGA

Iwe ya dizeli au ya umeme, ikaguliwe ikiwa imezimwa na imesimama kabisa. Tazama kama ukanda umechanika, kama nati zimekazwa, na kama kinga inayofunika ukanda ipo mahali pake. Ukanda unaozunguka hauna huruma. Ukinasa ncha ya khanga, unamvuta mtu mzima. Kwa hiyo funga nguo vizuri, na watoto wakae mbali.

ZANA YA KUAZIMA NA YA MWAJIRI

Vijijini tunaazimana zana, na ni jambo jema. Lakini wengine huona haya kukagua kitu cha jirani. Sema tu kwa upole, "Ndugu, shoka linacheza, tulikaze kwanza." Hujamtukana. Umemsaidia, maana kesho atalitumia yeye au mwanawe.

Na kibarua je? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe vifaa vya kazi ni salama. Inamtaka pia mfanyakazi atoe taarifa akiona hatari. Basi kusema "bomba hili linavuja" si uvivu wala ubishi. Ni wajibu wako.

Zana mbovu itenge. Andika kwenye kipande cha karatasi: MBOVU, USITUMIE. Ifunge karatasi hiyo kwenye zana yenyewe. Wewe umekwisha kujua kusoma na kuandika, na maneno hayo mawili yanaweza kuokoa mkono wa mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako kuna zana ngapi? Ni zipi hazijakaguliwa tangu msimu uliopita?
2. Kwa nini kulowesha mpini hakutoshi?
3. Kwa nini tunajaribu bomba kwa maji kabla ya kutia dawa?
4. Jirani akikuazima jembe lenye mpini wa ufa, utamwambia nini?