Hisabati ya chuo mtandaoni: Kompyuta haitoshi, lugha nayo ina kazi

Je, hisabati ya mwaka wa kwanza chuoni inaweza kufundishwa mtandaoni, mwanafunzi asitie mguu katika ukumbi wa mihadhara? Wengi wetu tulikutana na swali hili Machi 2020, korona ilipofunga vyuo, likatuingia nyumbani bila hodi. Wenzetu Marekani walikuwa wamelijaribu zamani, na matokeo yao yanatuhusu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoidhinishwa Agosti 2023, kinafundisha shahada ya sayansi ya data kupitia mtandao, na sayansi ya data bila hisabati ni ugali bila unga.

Tuanze na Chuo Kikuu cha Virginia Tech, mjini Blacksburg. Mwaka wa 1997 kilichukua jengo lililokuwa duka kubwa, kikalijaza kompyuta zaidi ya 500. Mihadhara ya kozi kadhaa za hisabati ikaondolewa. Mwanafunzi huja saa anayotaka, husoma kwenye skrini, hufanya mazoezi, na programu humsahihisha papo hapo. Akikwama, huweka kikombe chekundu cha plastiki juu ya kompyuta, na msaidizi huja alipo. Kikombe tu! Hainui mkono wala haulizi swali mbele ya watu mia tatu wakamcheka. Mtihani naye huufanyia humo humo, akisimamiwa.

Njia ya pili ilijaribiwa Januari 2013 katika Chuo Kikuu cha San Jose State, kwa ushirikiano na kampuni ya Udacity. Kozi tatu, yaani hisabati ya msingi, aljebra na takwimu, ziliwekwa mtandaoni kwa dola 150 kila moja. Miongoni mwa waliojisajili walikuwamo waliowahi kufeli darasani na wanafunzi wa shule za upili. Kufikia Julai mradi ulisitishwa kwa muda, kwa sababu waliofaulu walikuwa wachache kuliko wale wa darasa la kawaida. Muhula uliofuata matokeo yalipanda, lakini zaidi ya nusu ya wanafunzi wa safari hiyo tayari walikuwa na shahada. Mtu anayejua kujifunza utamtupa popote, atasoma. Ni yule dhaifu, ambaye mradi ulitungwa kwa ajili yake, aliyeachwa njiani.

Kompyuta zilikuwapo kote kuwili. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa ni kikombe. Virginia Tech waliondoa mhadhara wakambakisha mtu wa kuulizwa. San Jose, msaada ulikuwapo mtandaoni, ila ulimngoja mwanafunzi autafute mwenyewe, na aliyepotea hajui hata aulize nini.

Hapa ndipo mimi, mtu wa isimu, ninapoingilia mambo ya wanahisabati. Sikiliza mhadhiri wetu akifundisha. Ubaoni ameandika alama, mdomoni ana Kiingereza, lakini akiona nyuso zimeduwaa utamsikia: "Sasa hii tunaitoa hapa, tunaipeleka kule." Hii, hapa na kule ni viashiria, na kiashiria hakina maana mpaka uone kidole kinaelekea wapi. Mhadhara uliorekodiwa kwa kusoma slaidi umekikata kidole hicho. Salman Khan, aliyeanza mwaka wa 2004 kwa kumfunza binamu yake hisabati kutoka mbali, alilitatua tatizo hili vizuri: mwandiko wake unatokea kwenye skrini nyeusi huku sauti ikiufuata. Wahadhiri wetu wangeiga hilo tu, wangekuwa wamepiga hatua.

Lakini darasani kuna lugha nyingine ambayo hata video nzuri haina, nayo ni ule mnong'ono wa kiti cha nyuma. "Buda, hiyo minasi imetoka wapi?" "Si amevusha upande ule, ikageuka." Kwa sekunde tano mwanafunzi ameokolewa, kwa Kiswahili cha mtaani. Mtandaoni hana jirani. Amebaki na rununu, bando linaloisha na Kiingereza rasmi.

Kuna watakaosema hisabati ni alama tu na haihitaji Kiswahili. Si kweli. Chukua jibu la yule jirani. Kusema kweli hakuna kilichovuka upande wowote. Umeondoa kiasi kilekile pande zote mbili. Neno mlinganyo lingemwonyesha hilo, kwani limetokana na kulingana: pande mbili za mizani, ukigusa huku uguse na kule. Namba tasa nayo ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, na utasa huo unakumbukika upesi. Watanzania, waliofanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, wamekua na istilahi hizi. (Sizisifu zote. Kipeo na kipeuo, kimoja kikikuza namba na kingine kikiirudisha kwenye kizizi chake, vimetenganishwa na irabu moja. Aliyeziunda hakuwaonea huruma watoto.)

Sisi je? Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichohamishia makao yake Nairobi mwaka wa 2002, kiliandaa moduli za hisabati za kusomwa bila malipo, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Makao Nairobi, Kiswahili hakimo!

Sipendekezi mtihani wa kalkulasi utungwe kwa Kiswahili kesho. Uendelee kwa Kiingereza, tena ufanyiwe katika chumba chenye msimamizi, maana siku hizi simu hupiga picha mlinganyo ikautatua hatua kwa hatua. Ninachotaka ni kila somo la mtandaoni liambatane na maelezo mafupi ya sauti kwa Kiswahili cha kueleweka, yasiyomaliza bando, na kila kundi la wanafunzi ishirini au thelathini liwe na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayelipwa kuketi mtandaoni saa za jioni, saa ambazo maswali huja. Malipo yake yaingizwe katika karo tangu mwanzo, si kusubiri wafadhili.