Michoro Yetu Itunzwe Kiambu

Mnamo 1856, Pavel Tretyakov, tajiri wa biashara ya kitani mjini Moscow, alianza kununua kazi za wachoraji wa Urusi waliokuwa hai, baadaye wakiwemo Perov, Repin, Surikov na Levitan. Hakungoja kuuziwa tu. Alimwagiza Vasily Perov amchore mwandishi Dostoevsky, na picha hiyo ya 1872 ingali inatazamwa hadi leo. Mwaka 1892 aliukabidhi mji wa Moscow mkusanyiko wake, nao mji ukaupokea na kuutunza. Jumba lenye jina lake sasa lina picha takatifu za karne za kale hadi michoro ya karne ya 20.

Kenya nayo ilimpata mkusanyaji wa moyo huo. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya sanaa za Afrika, stempu na maelfu ya vitabu. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali hazina hiyo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, akitumaini itakuwa taasisi ya kuichunguza Afrika. Vitu vingi vimesalimika katika Makavazi ya Kitaifa na Nairobi Gallery. Nyumba ilibomolewa. Alichokosa Murumbi si mali wala maono, bali mpokeaji mwaminifu.

Mkazi wa Thika, katika kaunti ya Kiambu, anayetaka kuiona hazina hiyo husafiri takriban kilomita 40 hadi jijini Nairobi. Ilhali Thika ni mji wa viwanda, vya nguo vikiwemo, na Ruiru, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu zaidi ya 370,000. Mali ipo, watazamaji wapo. Sheria pia ipo: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti jukumu la makumbusho na maktaba.

Basi wenye viwanda wa Thika na Ruiru wanunue kazi za wachoraji wetu wangali hai. Waagize picha za waandishi wetu, wakianza na Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti hii hii ya Kiambu. Nayo serikali ya kaunti itenge jumba, bajeti na mtunzaji aliyesomea kazi hiyo, kisha iyalinde hayo yote kwa sheria. Bila ulinzi huo, atakayetoa mkusanyiko wake kesho atatendewa kama Murumbi.