Sauti na Mwendo wa Mkono katika Mtindio wa Ubongo

Mtindio wa ubongo si maradhi ya mkono. Mkono huzaliwa mzima. Kilichodhurika ni ubongo unaoutuma, ama kabla ya kuzaliwa, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika utoto wa mwanzo. Basi mtoto akitaka kutwaa kikombe, misuli ya kukunja na ya kukunjua huvutana pamoja, kiwiko hukakamaa, na vidole hujikunja pale vilipotakiwa kukunjuka.

Sauti yaweza kuusaidia mkono huo. Aliyepata kuona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja anajua kwa nini michi haigongani: kila mmoja husikia mdundo wa mwenziwe, akajua mapema wakati wa kuinua na wa kushusha. Nguvu ya sauti imo katika huko kujua mapema. Midundo iliyopangwa sawasawa huukata muda vipande, na ubongo hukipima kipande chote, tangu mwendo uanzapo hata uishapo. Michael Thaut alizieneza kanuni hizi katika tiba tangu miaka ya 1990. Kwa mkono, sauti haihesabu tu. Hupanda mkono ukiinuliwa, hushuka ukiteremshwa, na hupazwa panapohitajiwa nguvu.

Kabla yake, huko Budapest, tabibu András Pető, ambaye chuo chake kilianzishwa mwaka 1950, alitumia sauti ya mtoto mwenyewe. Mtoto hutamka kusudi lake, "Nainua mkono," kisha huhesabu polepole toka moja hata tano, na mkono hupanda pamoja na hesabu. Hapo maneno hayamwelezi mwalimu jambo lo lote. Ni mkongojo wa mkono.

Walakini kukosea ni rahisi. Mwalimu mwenye haraka hupiga ngoma kwa kasi aipendayo yeye, na mtoto hushindwa mbele ya wenzake kwa hesabu isiyokuwa yake. Yafaa kwanza atazamwe akifikia kitu bila sauti yo yote, ndipo mdundo uifuate kasi hiyo. Kishindo cha ghafula hakifai, maana wengi wao hushtuka upesi na mkono ukakaza zaidi. Usikivu nao upimwe, kwani manjano kali ya mtoto mchanga yaweza kuharibu ubongo na usikivu pamoja. Wala kiungo kilichokwisha kuganda hakikunjuliwi na ngoma.

Mkono ukiisha kuzoea, sauti hupunguzwa: mtoto huhesabu kwa kunong'ona, halafu moyoni, na mwalimu hutazama kama mkono ungali ukikifikia kikombe.