Kuacha na Kuachia

Methali isemayo "Mwacha mila ni mtumwa" hutajwa sana katika insha za wanafunzi wetu, na aghalabu hutajwa kwa nia ya kumsuta mtu aliyeachana na vitu vya wazee wake. Hata hivyo, methali yenyewe imetaja mila, haikutaja vitu. Tofauti hiyo yafaa izingatiwe na kila aliye na sanduku la vitu vya utotoni ambavyo havitumii wala hana moyo wa kuvitoa.

Mimi nilikuwa na kitu cha namna hiyo. Katika miaka ya 1980, kwetu Marafa huko Magarini, hawe, kama tumwitavyo nyanya kwa Kigiriama, alinishonea hando dogo. Msomaji asiyelijua hando na aelewe kwamba ni vazi la wanawake lifungwalo kiunoni, la kitambaa cha pamba, lenye marinda mengi yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka hata nyonga zikaonekana pana. Nililivaa mpaka likanibana, kisha likanifuata katika mabweni na nyumba za kupanga kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hivi majuzi mwalimu wa shule moja ya msingi ya kwetu aliniomba hando la kumvika msichana mdogo katika kikundi chake cha ngoma. Dada yangu mkubwa alipinga vikali. Alisema hawe hakuwashonea wageni, na kwamba likichanika hatapatikana wa kulishona kama alivyolishona yeye. Hoja hiyo ni nzito, kwani marinda yale hayakupimwa kwa utepe bali kwa vidole vya mtu ambaye sasa ni marehemu.

Katika kuipima hoja ya dada, nilisaidiwa na sarufi. Kitenzi "acha" chaweza kusimama bila mpokeaji: ameacha hando. Kikitiwa kauli ya kutendea huwa "achia", na papo hapo chadai yambwa tendewa: amemwachia nani? Hawe hakuliacha hando; aliniachia mimi. Basi swali lililonikabili halikuwa iwapo nampenda hawe au la, bali iwapo yupo wa kuachiwa baada yangu.

Wamijikenda wana mfano mkubwa zaidi wa jambo hili, nao ni vigango, nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya wafu wa chama cha Gohu. Kigango hakihamishwi. Wenye mji wakihama, hukiacha pale pale kiliwe na mchwa, wala hakuna aonaye kwamba marehemu ametupwa. Lakini mwaka 1985 vigango viwili vya mzee Kalume Mwakiru, alivyowasimamishia ndugu zake wawili, viliibwa, vikaishia katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili vya Marekani. Huko vilikuwa vinyago tu, kwa kuwa majina ya wenyewe hayakwenda navyo. Vilitambuliwa kwa msaada wa picha aliyokuwa amepiga mwanaanthropolojia Monica Udvardy, na familia ikavipokea mwaka 2007, mzee mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Mfano huo ulinionyesha sharti la kutoa. Nililipeleka hando shuleni na kumkalisha yule msichana mbele yangu. Nilimweleza ni nani aliyelishona, marinda yalipangwaje, na kila sehemu yaitwaje kwa Kigiriama. Naye akanirudishia maelezo hayo kwa kinywa chake. Dada hajaridhika mpaka leo, na yamkini hando litachanika kabla ya miaka mingi kupita.

Walimu wenzangu, mnapofundisha kauli ya kutendea, waulizeni wanafunzi ni kitu gani cha nyumbani wasichoweza kukitoa, na ni nani watakayemwachia. Asiyejua jina la kitu hicho katika lugha ya kwao na aende akamwulize nyanya yake leo jioni, maadamu yu hai.