Mbwa na Mpanda Baiskeli katika Njia za Mashamba

Kila mwenye kusafiri kwa baiskeli katika njia za mashamba hujua kwamba mbwa yule yule ambaye humwacha mtembea kwa miguu apite kwa amani mbele ya ua wa bwana wake, akainua kichwa tu na kulala tena, huruka kwa ghadhabu mara gurudumu linapotokea kwenye kona, akatoka mbio huku akibweka, akamwandama mpanda baiskeli hatua mia au mia mbili, na pengine asikome mpaka meno yake yamegusa suruali. Mchuuzi wa samaki atokaye pwani ya Ziwa Viktoria alfajiri na tenga lake karieni, mwalimu aendaye shule ya kijiji cha pili, mkunga, muuza maziwa, wote hao wanazijua nyumba zenye mbwa wakali katika njia yao, moja baada ya moja. Na kwa kuwa jambo hili ni la kila siku, watu wameliweka katika hesabu ya maudhi ya safari, wala hawakulipa haki yake ya kuchunguzwa. Ilhali ndani yake mna elimu kubwa ya tabia ya mnyama huyu aliyeishi nasi maelfu ya miaka, na mwisho wake mna suala la uhai na mauti.

Tuanze na macho yake. Macho ya mbwa si hodari wa kupambanua umbo la kitu kilichotulia mbali, na rangi azipambanuazo vizuri ni buluu na manjano tu, nyekundu na kijani zikimchanganyikia. Lakini kwa kitu kinachokwenda, macho hayo yana makali ya ajabu. Uwanja yauonao unafikia nyuzi 240 hivi, na wetu sisi ni kadiri ya 180, hata mbwa aliyelala akiuelekea mlango wa nyumba aweza kumwona mtu apitaye karibu na kisogo chake. Katika jaribio moja la zamani, lililofanyiwa mbwa 14 wa polisi, wale walioona vizuri kupita wenzao walikitambua kitu kinachokwenda kwa umbali wa mita 810 hata 900, na kitu hicho hicho kiliposimama hawakuweza kukitambua ila kwa mita 585 au chini yake. Basi fikiri mwenyewe ni umbo gani linalomjia mnyama mwenye macho ya namna hiyo: kiumbe kirefu kuliko mtu, kisichopiga hatua wala kutoa kishindo cha nyayo, miguu yake ikipanda na kushuka, spoki zikimetameta, na mnyororo ukitoa mlio mwembamba ambao masikio ya mbwa, yanayofikia sauti za juu maradufu ya zile tuzisikiazo sisi, huupokea kabla hatujaushuku. Harufu ya mtu imo, lakini umbo la mtu halimo.

Kisha iko silika. Raymond Coppinger, mwanachuoni wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuwachunguza mbwa wa wachungaji, alieleza kwamba uwindaji wa jamii ya mbwa ni mfululizo wa vitendo vinavyofuatana: kuelekeza macho, kukodoa, kunyemelea, kukimbiza, kukamata kwa meno, kuua, na kwamba wanadamu, kwa kuwachagua mbwa wa kuzaliana vizazi na vizazi, wamevikuza baadhi ya vitendo hivi na kuvififiza vingine. Mbwa wa kuchunga kondoo wa huko Uingereza hukodoa, hunyemelea na hukimbiza, lakini haimpasi kuuma. Mbwa wetu wa vijijini hakuchaguliwa na mtu kwa kazi moja makhsusi. Amebaki na vitendo vyote kwa kadiri, na kile kilicho chepesi kuamshwa katika hivyo vyote ni kukimbiza. Kitu chochote kinachomkimbia, awe sungura, ndama, mtoto au baiskeli, chatosha kukiamsha, na wala hahitaji njaa, kwani kukimbiza kwenyewe ni raha yake.

Lakini silika peke yake haitoshi kueleza kwa nini ukali huu huzidi mwaka hata mwaka, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1898 Edward Thorndike, naye wa Marekani, alichapisha majaribio yake ya kuwafungia paka katika masanduku yenye komeo, akaonyesha kwamba tendo lolote linalofuatwa na jaza njema hukaa katika mazoea ya mnyama, na lile lisilo na faida hupotea pole pole. Mbwa wa kijiji anauona ua wa bwana wake, pamoja na kipande cha barabara kilicho mbele yake, kuwa ni milki aliyoaminiwa. Anapita mgeni, mbwa anatoka, anabweka, anamkimbilia, na tazama, mgeni anaondoka! Mpanda baiskeli hakuondoka kwa sababu ya mbwa, aliondoka kwa sababu alikuwa na safari yake, lakini mbwa hajui habari hiyo. Yeye ameona kwamba alipobweka adui alitoweka. Kesho atatokea tena, na kesho kutwa, na kila siku hujuma yake huishia kwa ushindi, wala hapana siku hata moja ambayo alishindwa. Kwa hiyo sisi tunaozidisha mwendo kila tusikiapo mbweko ndio tumfundishao kutukimbiza, na somo letu halina likizo.

Wazungu nao walisumbuliwa na jambo hili tangu baiskeli ilipoenea kwao. Mwishoni mwa karne ya 19 fundi wa silaha wa Ufaransa, Charles-François Galand, alitengeneza bastola ndogo ya kutiwa mfukoni iliyoitwa Velo-Dog, makusudi wapanda baiskeli wajihami na mbwa. Na kwa wale walioona kwamba kumwua mnyama ni kupita mpaka, ziliuzwa risasi zilizotiwa pilipili, au za nta. Dawa hiyo naiona ya jeuri na ya upumbavu, maana mtu anayeshika bastola kwa mkono mmoja juu ya magurudumu mawili yu karibu zaidi na kuvunjika shingo kuliko kuumwa. Lakini hofu iliyoizaa haikuwa ya bure. Miaka michache tu nyuma, tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alikuwa amemdunga mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeletwa Paris kutoka Alsace na majeraha ya mbwa mwenye kichaa, chanjo ambayo ilikuwa haijathibitishwa kwa wanadamu, na mtoto yule akapona.

Sasa afanyeje msafiri wetu? Kushindana mbio si shauri la busara ila penye mteremko ulio wazi, kwa kuwa mbwa wa kawaida aweza kufika kilomita 30 kwa saa na zaidi katika mbio fupi, na baiskeli yenye mzigo juu ya changarawe mara chache hupita 15. Kumpiga teke ni hatari kubwa zaidi, kwani wengi waumiao katika mikasa hii huumizwa na ardhi, si na meno: mguu umeacha kanyagio, usukani umepinda, gurudumu la mbele limempata mbwa ubavuni, na mtu yuko chini pamoja na mzigo wake. Lililo bora, na ambalo nafsi hulikataa mara ya kwanza, ni kupunguza mwendo, kushuka upande usio wa mbwa, kuiweka baiskeli katikati kama ngao, na kusema naye kwa sauti nzito ya amri, bila ya kupiga ukelele na bila ya kumkodolea macho, maana kwa mbwa jicho lililokazwa ni kutangaza vita. Mara ile ile kila kilichomwamsha kimetoweka: mwendo hakuna, mlio hakuna, na lile umbo geni limegeuka mtu asimamaye kwa miguu miwili na kusema kama watu wa nyumbani kwake. Aghalabu mbwa husita, hubweka kwa mbali, hurudi nyuma. Msafiri naye aikokote baiskeli pole pole mpaka atoke katika mpaka wa nyumba ile, ndipo apande tena.

Katika vijiji vyetu kuna hila nyingine ijulikanayo na kila mtoto, nayo ni kuinama kana kwamba unaokota jiwe. Mbwa wengi hugeuka na kukimbia hata kama ardhini hapana jiwe, kwa kuwa wamekwisha onja matokeo ya kuinama huko, na kanuni ni ile ile ya Thorndike. Mimi naikubali hila hii maadamu inaishia katika kuinama. Jiwe lenyewe likitupwa na kumpata, mbwa hujifunza kwamba watu wa baiskeli ni maadui wa kweli, na safari ijayo atamwendea mwingine, pengine mtoto wa shule, kwa hofu iliyochanganyika na kisasi. Tena ijulikane kwamba mbwa aliyeshikwa na kichaa haogopi jiwe, wala fimbo, wala amri.

Na hapa sina budi kusema kwa mkazo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na katika kila mia ya waliofikwa, 99 waliambukizwa na mbwa. Virusi huingia kwa mate penye jeraha, hushika mishipa ya fahamu na kupanda pole pole kuelekea ubongoni, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Na dalili zikisha kutokea, matumaini ya kupona ni kama hayapo. Mpanda baiskeli, ambaye huumwa kifundoni au kwenye shavu la mguu, mbali na ubongo, amepewa muhula, lakini muhula huo si ruhusa ya kungoja. Jeraha, hata likiwa mkwaruzo, lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kwani sabuni huiharibu ngozi ya mafuta iliyovizunguka virusi hivyo. Kisha aende zahanati siku ile ile kutafuta chanjo. Mbwa aliyeuma, akiwa anajulikana, afungwe na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na maradhi. Majivu, mafuta ya taa na mizizi havina msaada.

Ama kinga yenyewe imo mikononi mwa wenye mbwa. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni zilizofuatana kati ya mwaka 1996 na 2001, na kichaa cha mbwa kikapungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Si lazima kumchanja kila mbwa. Saba katika kila kumi hutosha kuukata mnyororo wa maradhi, kwa sababu mbwa mgonjwa mmoja kwa wastani huambukiza mwenzake mmoja na ushei. Lakini kazi haina budi kurudiwa, kwa kuwa mbwa huzaliwa na kufa upesi, na wengine huletwa kutoka mbali: Pemba maradhi yalikuwa yamekoma, yakarudishwa mwaka 2016, yakakomeshwa tena kwa chanjo.

Na mwenye kufuga kitoto cha mbwa akumbuke jambo walilolidhihirisha Scott na Fuller wa Marekani katika kitabu chao cha mwaka 1965, kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili mtoto wa mbwa huyazoea yote ayaonayo, na yale asiyoyaona wakati huo humtia hofu ukubwani. Alazwe karibu na baiskeli ya nyumbani, apitiwe nayo kila siku, na aitwapo akarudi apewe kipande cha ugali. Akishakuwa mkubwa na mkali, afungwe saa za alfajiri na jioni, wapitapo wachuuzi na wanafunzi. Nawasihi wenye mbwa wote walio kando ya barabara: siku afisa mifugo atakapotangaza chanjo kijijini, mpelekeni kila mbwa wenu kwa kamba, awe mkali awe mpole, na kadi ya chanjo yake muiweke mahali ambapo msafiri aliyeumwa aweza kuonyeshwa.