Vikombe vya Nguzo Chini ya Waya wa Spika

Ukiingia sebuleni kwa baadhi ya wapenzi wa muziki walioshindikana, tazama chini kwanza. Waya wa spika, mnene kama kidole gumba, haugusi zulia. Umelazwa juu ya vikombe vya kaure, ndugu wa vile vinavyoshika nyaya kwenye nguzo za umeme. Asiyevipenda hununua vipande vya mbao, kama vile vya myrtlewood vinavyouzwa na Cardas ya Marekani.

Kikombe cha nguzo kazi yake ni kuzuia maelfu ya volti. Hapa kinalindishwa volti tatu: spika ya omu 8 ikipokea wati moja, volti ni 2.83 tu.

Watetezi wa vikombe hutoa hoja mbili, kwamba umeme tuli wa zulia huchafua sauti, na kwamba sakafu hutikisa waya. Hesabu haiwapi nafasi kubwa. Waya wa kawaida wa mita 3 una kapasitansi ya pikofaradi 300 hivi, yaani njia ya pembeni ambayo mkondo ungeweza kuvujia kabla ya kufika kwenye spika. Hata kwa sauti nyembamba kabisa ya hezi 20,000, njia hiyo ya pembeni ina ukinzani wa omu 26,000 na ushei. Mkondo utaifuata ya nini, na spika ya omu 8 iko mbele yake? Zulia likiongeza kidogo hapo, spika haina habari.

Mbona basi watu wazima huapa kwamba wamesikia tofauti? Wengi wao hawasemi uongo. Mtazame mmoja akiwa kazini: anazima amplifaya, anapiga magoti, anachomoa plagi ili waya usimsumbue, anapanga vikombe, anarudisha plagi na kukaza skrubu. Shaba iliyofubaa imesuguliwa, kiungo kilicholegea kimekazwa, na pengine spika imesukumwa kwa goti. Akirudi kitini, kichwa hakiko pale kilipokuwa. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu, kwa hiyo kusogea kidogo kunatosha kubadili kinachofika sikioni. Sifa zote zinaenda kwa kikombe.

Jaribio la haki halina gharama. Plagi na kitufe cha sauti visiguswe, msikilizaji asione waya, na msaidizi arushe sarafu kila mara kuamua kama waya uinuliwe au ulale. Wafanye hivyo mara 16. Akipatia 12 au zaidi, kuna jambo: anayekisia hufika hapo chini ya mara 4 katika 100.

Kuinua waya kuna faida mahali pengine. Waya mwembamba utokao kwenye kicheza santuri hubeba ishara dhaifu mno, na ukilala sambamba na waya wa umeme wa ukutani spika zaweza kuvuma. Hapo utenganishwe, na nyaya hizo zikikutana zipishane kama msalaba. Vikombe viwili vya kahawa vilivyofudikizwa vinatosha.