Wanawake wa Afghanistan: Mkunga wa kesho atatoka wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Taliban walivyorudi Kabul tarehe 15 Agosti 2021, na jinsi mwanamke alivyoondolewa shuleni, ofisini na hata bustanini kwa amri moja baada ya nyingine. Leo nataka tuzisome amri mbili tu kwa pamoja. Ya kwanza yataka mwanamke atibiwe na mwanamke mwenzake, na katika baadhi ya majimbo daktari wa kiume amezuiwa kabisa kumhudumia mgonjwa wa kike. Ya pili ilitoka mwanzoni mwa Desemba 2024: wasichana waliokuwa wakisomea ukunga na uuguzi waliambiwa warudi nyumbani. Huo ndio uliokuwa mlango wa mwisho, kwani sekondari walikwisha kufungiwa tangu 2021 na vyuo vikuu tangu Desemba 2022. Basi mwanamume asimtibu mwanamke, na mwanamke asifundishwe kutibu. Mjamzito wa jimbo la Badakhshan aliyeshikwa na uchungu usiku amebakiziwa nani?

Afghanistan inalijua jibu, maana imekwisha kulipitia. Uchunguzi wa mwaka 2002 ulikadiria kuwa katika kila vizazi hai 100,000 walifariki akina mama 1,600. Katika wilaya ya Ragh, huko huko Badakhshan, idadi ilipita 6,000. Wakunga waliosomea kazi hiyo hawakufika 500 nchi nzima. Ndipo wasichana wakaanza kuchaguliwa na vijiji vyao wenyewe, wakafunzwa, wakarudishwa kuwazalisha mama zao wadogo na majirani. Kufikia 2020 makadirio yalikuwa yameshuka hadi takriban vifo 600. Si wakunga peke yao walioleta nafuu hiyo. Zahanati na fedha za wafadhili zilichangia. Lakini zahanati isiyo na mkunga, katika nchi ambamo mume hakubali mkewe azalishwe na mwanamume, ni jengo tu. Na ubaya wa amri ya 2024 hauonekani kwa siku moja. Wakunga waliopo wangali kazini. Watazeeka, wengine watahama, na nyuma yao hakuna anayefuata.

Wapo watakaosema hii ni dini, na wageni wasiingilie. Hoja hiyo ina uzito kwa wasomaji wengi wa magazeti yetu, kwa hiyo tuijibu kwa dini yenyewe. Wanazuoni waliiweka elimu ya tiba katika faradhi kifaya: wasipopatikana wa kutosha kuitekeleza, jamii nzima huingia dhambini. Anayeshikilia kuwa mwanamke atibiwe na mwanamke amejifunga mwenyewe kuwasomesha wanawake. Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alitamka Desemba 2022 kwamba kuwafungia wasichana vyuo vikuu kunapingana na sharia. Wengine husema ni mila. Ni kweli kwamba shule ya wasichana iliyofunguliwa Kabul mwaka 1921, enzi za Mfalme Amanullah na Malkia Soraya, ilitoka ikulu, na mageuzi yale yalipinduliwa pamoja na mfalme mwaka 1929. Ila mkunga wa kijijini hakuletwa na ikulu. Alichaguliwa na wazee wa kijiji.

Tunaambiwa pia kuwa sasa barabara ni salama. Mabomu yamepungua sana, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tangu Desemba 2021 mwanamke haruhusiwi kusafiri zaidi ya kilomita 72 bila maharimu wake, yaani mume au ndugu wa kiume wa karibu, hata hospitali ikiwa mbele ya hapo. Usalama wa barabara umemfaa nini mjane asiye na mtoto wa kiume?

Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kiongozi wa Taliban, Haibatullah Akhundzada, kwa kuwatesa wanawake na wasichana. Hati hiyo ni haki, ila haifundishi mkunga hata mmoja. Afrika Mashariki tayari ina mfano: shule ya wasichana ya SOLA ilihama Kabul ikahamia Rwanda Agosti ile ile ya 2021. Vyuo vyetu vya uuguzi na ukunga navyo viwatengee nafasi mabinti hawa, na masheikh wetu waizungumze faradhi hii waziwazi, hadi isikike Kandahar anakokaa Akhundzada.